Kamera katika vivuko vya reli: Zinachoweza na zisichoweza kufanya

Na MWANDISHI WETU

KAMERA zinazojiendesha zenyewe hutajwa mara kwa mara kuwa dawa ya ajali katika vivuko vya reli, yaani mahali ambapo barabara hukatana na reli pasipo daraja. Katika mataifa kadhaa, kamera hizo zimepunguza mno idadi ya madereva wanaokaidi taa nyekundu garimoshi linapokaribia.

Hata hivyo, kamera ni chombo cha kusimamia kanuni. Mahali ambapo hapana taa, lango wala mlinzi, kamera haina kanuni ya kusimamia, na picha itakayopigwa itakuwa kumbukumbu ya mkasa tu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Kaunti ya Machakos, ambako reli iliyojengwa zaidi ya karne moja iliyopita sasa imezungukwa na viwanda, mitaa mipya ya makazi na barabara zenye malori na matatu. Makala haya yanaeleza jinsi kamera hizo zinavyofanya kazi, zilikofanikiwa, na mambo ambayo sharti yatangulie kabla hazijaleta manufaa hapa nchini.

Reli ndani ya Machakos

Ujenzi wa iliyoitwa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na vyuma vyake vikafika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Reli hiyo haikuupitia mji wa Machakos, ambao wakati huo ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza katika Ukambani. Ilipita mbali na mji, kwenye tambarare, na mwaka uo huo makao hayo yakahamishiwa Nairobi.

Ndiyo maana mkazi wa mji wa Machakos anaweza kuishi miaka mingi bila kuvuka reli, ilhali mwenzake wa Athi River huenda akaivuka kila siku. Reli hiyo ya zamani, ambayo vyuma vyake viwili vimeachana kwa mita moja, hupitia Konza, ambako tawi la kuelekea Magadi huchipuka. Kutoka hapo hukata nyanda za Kapiti, hufika Athi River na kuendelea hadi Nairobi.

Ilipojengwa, nyanda hizo zilikuwa za mifugo na wanyamapori. Leo Athi River ni mji wa viwanda vya saruji na wa eneo la viwanda vinavyouza bidhaa zake ng'ambo (EPZ), huku Syokimau na Mlolongo zikiwa zimejaa nyumba za watu wanaofanya kazi Nairobi. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na treni za abiria wa asubuhi na jioni zikawa sehemu ya maisha ya wakazi.

Reli mpya ya kisasa (SGR), iliyozinduliwa Mei 31, 2017, nayo hupita katika kaunti hii na ina kituo Athi River. Yenyewe ilisanifiwa ili barabara zipite juu au chini yake kwa madaraja. Kwa hivyo hatari inayozungumziwa hapa imo zaidi katika reli ya zamani, ambayo bado hukutana na barabara uso kwa uso.

Mikasa isiyosahaulika

Hatari hiyo imekwisha kugharimu maisha ya wengi. Mnamo Oktoba 30, 2013, basi la abiria liligongwa na treni katika kivuko cha Mutindwa, eneo la Eastlands jijini Nairobi, na watu wasiopungua 11 wakafariki. Wengi wao walikuwa wakielekea kazini.

Mnamo Agosti 7, 2025, basi lililokuwa limebeba wafanyakazi wa taasisi ya mafuta na gesi ya Morendat liligongwa na garimoshi karibu na Naivasha, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Katika nchi jirani ya Tanzania, watu 13 walifariki Novemba 29, 2023 pale basi na garimoshi vilipogongana wilayani Manyoni, mkoani Singida.

Mikasa hii mitatu ina jambo moja linalofanana. Aliyekuwa na usukani wa basi ni mtu mmoja, lakini waliokuwa nyuma yake hawakuulizwa iwapo basi livuke au lisimame. Abiria wa matatu hana taa ya kuwasha wala breki ya kukanyaga. Usalama wake umo mikononi mwa dereva, na katika vifaa ambavyo serikali na Shirika la Reli nchini (KRC) wameviweka au hawakuviweka kivukoni.

Hesabu ya sekunde chache

Madereva wengi hudhani wana muda wa kutosha kuvuka kwa sababu garimoshi, likitazamwa kutoka mbele, huonekana kana kwamba linakuja polepole. Hesabu inaonyesha vingine.

Garimoshi linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri takriban mita 17 kila sekunde. Tuseme basi lenye urefu wa mita 12 limesimama mita chache kabla ya reli. Ili sehemu yake ya nyuma iwe salama upande wa pili, basi hilo lazima lisogee zaidi ya mita 20, na kwa kuwa linaanza kutoka hali ya kusimama, litahitaji takriban sekunde sita au saba.

Trela lenye shehena ya saruji ni refu na zito zaidi, na huongeza kasi polepole. Linaweza kuhitaji zaidi ya sekunde 10.

Sasa tuseme jengo, kichaka au kona imelificha garimoshi hadi likiwa mita 150 kutoka kivukoni. Litafika baada ya sekunde tisa. Basi litaponea chupuchupu, lakini trela litakutwa juu ya vyuma.

Dereva wa garimoshi naye hawezi kukwepa. Garimoshi la mizigo lenye uzito wa tani 1,000 na zaidi huhitaji mamia ya mita kusimama hata breki zote zikifungwa kwa ghafla, kwa kuwa magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayashiki kama mpira juu ya lami. Anapoliona gari limekwama mbele yake, aghalabu kinachobaki ni kupiga honi na kufunga breki akijua kwamba hatawahi.

Kwa sababu hiyo, nchi zenye vivuko vya kujiendesha zimeweka muda wa chini wa onyo kabla garimoshi kufika. Nchini Marekani muda huo ni sekunde 20. Uingereza, katika vivuko vyenye vizuizi vifupi vinavyofunga nusu ya barabara, ni sekunde 27. Kwa garimoshi la kilomita 60 kwa saa, sekunde 27 ni sawa na umbali wa mita 450.

Aina za vivuko

Vivuko vya reli viko katika makundi manne, na ni muhimu kuyatofautisha kabla ya kuzungumzia kamera.

Kundi la kwanza ni vivuko vilivyo wazi. Hivi vina ishara ya msalaba wa mshazari au kibao cha kumtaka dereva asimame, basi. Usalama wote hutegemea macho na masikio ya anayevuka.

Kundi la pili ni vivuko vyenye mlinzi, ambaye hufunga lango au husimamisha magari kwa bendera nyekundu na, usiku, kwa taa. Mfumo huu ni mzuri ikiwa mlinzi hupata habari za garimoshi mapema na ikiwa yuko kazini saa zote ambazo magarimoshi hupita.

Kundi la tatu ni vivuko vinavyojiendesha, vyenye taa nyekundu zinazomweka kwa zamu, kengele na mara nyingi vizuizi vinavyoshuka. Garimoshi lenyewe ndilo huamsha mfumo huo.

Kundi la nne ni vivuko visivyo rasmi. Hivi hutokea pale wakazi, waendeshaji bodaboda au wenye viwanja wanapojitengenezea njia ya mkato juu ya reli. Havina kibao, havina mlinzi, na dereva wa garimoshi hawezi kujua kwamba hapo pana watu.

Taa hujuaje kwamba garimoshi linakuja?

Njia iliyozoeleka ni kupitisha mkondo mdogo wa umeme katika vyuma viwili vya kipande fulani cha reli. Magurudumu na ekseli za garimoshi zinapoingia katika kipande hicho huviunganisha vyuma hivyo, mkondo haufiki tena kwenye kifaa kinachoupokea, na hapo taa huwaka na kengele hulia.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hata waya ukikatika au reli ikivunjika, mkondo pia hukoma na taa huwaka. Mfumo unapoharibika humwambia dereva asimame. Kasoro yake ni kwamba taa zikiwaka ovyo kwa siku nyingi pasipo garimoshi, madereva huzoea kuzipuuza.

Njia nyingine ni vifaa vinavyohesabu ekseli zinazoingia katika kipande cha reli na zinazotoka. Hesabu zikilingana, njia huhesabiwa kuwa iko wazi.

Kamera ya kunasa wakosaji

Kamera inayozungumziwa zaidi ni ile ya kuwanasa madereva wanaovuka baada ya taa nyekundu kuwaka. Huwekwa juu ya mlingoti kando ya barabara na kuunganishwa na mtambo wa taa za kivuko.

Wakati wote ambao taa zimezimwa, kamera hukaa tu. Taa nyekundu zinapowaka, huamka. Gari likivuka mstari wa kusimamia, hutambuliwa ama na nyaya zilizofukiwa chini ya lami, ama na rada, ama na programu ya kompyuta inayosoma picha zenyewe.

Kamera hupiga picha mbili au zaidi: moja gari likiwa kwenye mstari huku taa zikionekana zimewaka, na nyingine gari likiwa juu ya reli. Aghalabu huambatanishwa na video ya sekunde kadhaa. Juu ya picha huandikwa tarehe, saa, mahali, na idadi ya sekunde zilizopita tangu taa ziwake, ili dereva aliyekuwa amekwisha kuingia kivukoni zilipowaka asihukumiwe kwa makosa.

Kompyuta husoma nambari ya usajili. Kisha afisa aliyeidhinishwa huzikagua picha hizo kwa macho yake, hulinganisha gari na rekodi za usajili, na ndipo mwenye gari hutumiwa ilani.

Kamera ya kulinda

Kuna aina nyingine ya kamera isiyotoza faini mtu. Hii humwonyesha mwelekezi wa magarimoshi, aliye katika chumba chake kilomita nyingi kutoka hapo, hali ya kivuko kwenye kioo. Huko Uingereza, katika vivuko vya namna hiyo, mwelekezi hushusha vizuizi, hutazama kama kuna mtu au gari lililobaki ndani, na ndipo huliruhusu garimoshi kuendelea.

Katika baadhi ya vivuko vya huko, kazi hiyo ya kutazama sasa hufanywa na rada na miale ya leza. Ikiwa kuna lori lililokwama, ishara ya garimoshi hubaki nyekundu.

Kamera ya kunasa humrekebisha dereva kwa ajili ya siku zijazo, lakini haiwezi kumwokoa aliye juu ya reli sasa hivi. Kamera ya kulinda, ikiunganishwa na ishara za garimoshi, inaweza kumwokoa. Tofauti yao nyingine ni ya bei na ugumu: ya pili hudai mfumo kamili wa ishara, mawasiliano ya kuaminika na watu waliofunzwa.

Vilevile kuna kamera zinazofungwa mbele ya injini ya garimoshi. Hizi hurekodi safari nzima na huwasaidia wachunguzi baada ya ajali. Zaidi ya hayo, huonyesha ni wapi magari hukoswakoswa mara kwa mara, jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi popote kwa kuwa hakuna aliyeumia.

Mafunzo kutoka ng'ambo

Mfano unaorejelewa sana ni wa Los Angeles, Marekani. Reli ya abiria inayounganisha jiji hilo na Long Beach, iliyofunguliwa mwaka 1990, ilipita katika mitaa yenye vivuko vingi, na magari yakawa yanagongwa. Mapema katika miaka hiyo ya 1990, kamera ziliwekwa kwa majaribio katika vivuko kadhaa, kimojawapo kikiwa cha barabara ya Compton. Huko ukaidi wa madereva ulishuka kwa takriban asilimia 90.

Ikumbukwe kwamba vivuko hivyo tayari vilikuwa na taa na vizuizi vinavyofanya kazi. Kamera iliongezwa juu ya mfumo uliokuwapo, ili kumkomesha dereva aliyekuwa akizunguka kizuizi kilichoshuka.

Nchini Uingereza, kampuni ya Network Rail, inayomiliki reli, hushirikiana na Polisi wa Usafiri. Baadhi ya vivuko vina kamera za kudumu, na kuna magari maalumu yenye kamera ambayo huhamishwa kutoka kivuko hadi kivuko. Dereva anayenaswa anaweza kutozwa pauni 100 na kuwekewa alama tatu katika leseni yake, au kupewa nafasi ya kuhudhuria mafunzo badala ya adhabu.

Lakini Uingereza hiyo hiyo hutoa mfano wa mipaka ya teknolojia. Mnamo Novemba 6, 2004, katika kivuko cha Ufton Nervet, mtu alilisimamisha gari lake juu ya reli kabla taa hazijawaka. Garimoshi lililigonga na kuacha njia. Watu saba walikufa, akiwemo yeye na dereva wa garimoshi. Hakuna faini ambayo ingemzuia. Suluhisho la kudumu lilikuwa daraja, ambalo lilifunguliwa Desemba 2016, na kivuko kikafungwa.

India, yenye mojawapo ya mitandao mikubwa zaidi ya reli duniani, ilichagua njia nyingine. Kufikia Januari 31, 2019, ilikuwa imeondoa vivuko vyote visivyo na walinzi katika reli zake pana, ama kwa kuvifunga, kuviunganisha, kujenga njia za chini na madaraja, au kuvipa walinzi. Hapo kipaumbele hakikuwa kumwadhibu dereva. Kilikuwa kumwondolea nafasi ya kukosea.

Sheria za Kenya zasemaje?

Kamera si jambo geni kwa polisi wa Kenya. Tangu mwaka 2015 kumekuwa na mfumo wa kamera za usalama katika miji ya Nairobi na Mombasa. Kuzihamishia kazi ya vivuko, hata hivyo, huibua maswali kadhaa ya kisheria.

La kwanza ni ushahidi. Sheria ya Ushahidi (Sura ya 80), katika kifungu cha 106B, hukubali rekodi za kielektroniki mahakamani kwa masharti, likiwemo cheti kinachothibitisha jinsi rekodi ilivyotolewa na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Kamera ambayo haikaguliwi mara kwa mara itawafanya wakosaji waachiliwe.

La pili ni nani wa kulaumiwa. Picha huonyesha gari, na rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) humtaja mwenye gari. Katika biashara ya matatu, mmiliki na dereva mara nyingi ni watu wawili tofauti. Ikiwa faini itamwendea mmiliki pekee, dereva anayekimbizana na kiwango cha fedha cha siku hatabadilika. Na ikiwa itamwendea dereva pekee, mmiliki aliyekiweka kiwango hicho hataguswa.

La tatu ni faragha. Kifungu cha 31 cha Katiba hulinda haki hiyo, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze lengo lake, asizitumie kwa jambo jingine na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Kamera ya kivuko huona nyuso za abiria na wapita njia wasio na kosa lolote.

La nne, na pengine gumu zaidi, ni umiliki wa kivuko. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa reli na barabara kuu, huku barabara za kaunti, taa za barabarani na usimamizi wa magari katika ngazi hiyo vikiwa majukumu ya kaunti. Kivuko kimoja kinaweza kuwa na reli ya KRC, barabara ya serikali ya kaunti, na polisi wa serikali ya kitaifa. Pasipo makubaliano ya maandishi kuhusu nani atanunua kamera, nani atalipia umeme na nani atatuma ilani, kila mmoja atamtazama mwenzake.

Vikwazo vya mazingira yetu

Umeme ni kikwazo cha kwanza. Katika nyanda za kati ya Konza na Athi River, kifaa cha kivuko hakiwezi kutegemea laini ya umeme pekee. Paneli za miale ya jua na betri zinaweza kusaidia, ila nazo zinahitaji ulinzi.

Wizi wa nyaya na vyuma ni kikwazo cha pili. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Januari 2022 serikali ilipiga marufuku kwa miezi kadhaa biashara ya vyuma chakavu, baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme. Mlingoti wenye kamera, betri na nyaya za shaba ni kishawishi kikubwa mahali pasipo na watu usiku.

Tatu ni nambari za usajili. Kamera haina faida ikiwa nambari ni bandia, imefunikwa na matope au imepindwa. Nambari za kizazi kipya zilizoanzishwa mwaka 2022 zilinuiwa kupunguza udanganyifu huo. Pikipiki nazo zina nambari ndogo iliyo upande wa nyuma tu, na hivyo kamera inayotazama mbele haiwezi kuisoma.

Nne, kuna wasio na nambari kabisa: mtoto anayekwenda shuleni, mama aliyebeba mzigo, mchungaji na ng'ombe wake. Kwao faini haina maana. Kinachowafaa ni kengele inayosikika, njia ya miguu iliyo na vizuizi vya kupunguza mwendo, na nafasi ya kuona reli mbali pande zote mbili.

Tano ni uadilifu. Wanaotetea kamera husema haipokei hongo, na ni kweli. Lakini nyuma yake yupo mtu anayeamua ni picha ipi iendelee na ipi ifutwe. Mfumo usioweka rekodi ya kila picha iliyofutwa, aliyeifuta na sababu yake, utakuwa umehamisha tatizo kutoka barabarani hadi ofisini.

Mpangilio unaofaa

Kutokana na hayo, wapangaji wa Machakos na wa kaunti nyingine zinazopitiwa na reli ya zamani wanaweza kufuata utaratibu ulio wazi.

Kwanza ni kuvihesabu vivuko vyote, vilivyo rasmi na visivyo rasmi, na kuandika kwa kila kimoja idadi ya magari, idadi ya magarimoshi, umbali wa kuona na historia ya ajali. Hapa kamera ya kawaida ya kuhamishika, isiyotoza faini mtu, inaweza kuwa na manufaa makubwa kwa gharama ndogo. Wiki mbili za picha katika kivuko cha viwanda zitaonyesha ni magari mangapi huvuka bila kusimama na mangapi hukwama juu ya vyuma kwa sababu ya msongamano upande wa pili.

Pili ni kufunga vivuko visivyo vya lazima na kuelekeza watu kwenye vichache vinavyoweza kulindwa vizuri. Kuvifunga pasipo kuwapa wakazi njia mbadala iliyo karibu ni kazi bure. Wataifungua tena usiku huo huo.

Tatu ni kuweka mlinzi, au taa, kengele na vizuizi, katika vivuko vinavyobaki. Nne, pale ambapo taa zipo na bado zinakaidiwa, ndipo kamera ya kunasa iwekwe, ikitanguliwa na kipindi cha onyo ambacho wakosaji hutumiwa barua pasipo faini. Tano, kivuko ambacho msongamano wake hauwezi kudhibitiwa kwa vifaa hivi kijengewe daraja.

Daraja ni ghali, na ndiyo sababu huahirishwa. Lakini ukubwa wa gharama hiyo hupimwa vizuri zaidi ukilinganishwa na miaka mingi ya kulipa walinzi, kutengeneza mitambo, kuchelewesha mizigo na kuzika watu.

Anayevuka afanye nini leo?

Mipango hiyo itachukua muda, na garimoshi la leo halitaisubiri. Kwa dereva, kanuni ni chache. Treni ndiyo yenye haki ya kupita, daima. Simama kabla ya mstari, fungua dirisha, zima muziki, tazama pande zote mbili na usikilize. Usiingie kivukoni hadi uone nafasi ya gari lako zima upande wa pili. Usibadilishe gia ukiwa juu ya reli. Garimoshi moja likipita, tazama tena pale ambapo kuna reli zaidi ya moja, maana la pili linaweza kuwa limefichwa na la kwanza.

Gari likizima juu ya reli, watoe watu wote kwanza na mwondoke mbali na vyuma, kisha mtu akimbie kando ya reli kuelekea upande ambao garimoshi linatoka, akipunga kitambaa au taa ili dereva aone mapema. Gari hulipwa na bima, maisha hayalipwi.

Kwa abiria, kumwambia dereva asimame ni haki, wala si utovu wa adabu. Na kwa mwananchi anayehudhuria vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti, swali la kuuliza ni hili: kivuko chetu kina nini leo, na nani anawajibika nacho? Kamera inaweza kuwa sehemu ya jibu, iwapo taa, lango na mlinzi vimetangulia.